Namba Mbili za Homa ya Dada

Jumamosi, 7 Machi

Nimedanganya. Sijamwambia mtu yeyote — si Mama, si nesi, wala Dada mwenyewe, ambaye ndiye ninayemdanganyia. Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo.

Leo saa kumi jioni Dada alikuwa na joto 39.4. Kwenye chati ya kitanda nimeandika 37.9. Mwandiko wangu, kalamu yangu ya bluu.

Nianze mwanzo, maana kichwa kimevurugika. Dada aliumwa kichwa wiki tatu. Msusi anashinda amesimama, ameinamia vichwa vya watu, kwa hiyo tukasema ni uchovu. Kisha homa. Kisha kutapika. Kisha siku moja pale saluni alimsuka mteja upande mmoja tu, akaweka kitana chini, akasema amemaliza. Mteja akadhani ni utani. Jioni ile shingo yake ilikuwa ngumu kama ubao na hakujua jina langu.

Hospitali walimtoboa mgongo kwa sindano ndefu, wakatoa maji ya uti wa mgongo. Mimi ndiye niliyemshika magoti yasinyooke. Alilia kama mtoto mchanga. Katikati ya kilio akanitambua. "Kobe" — ndivyo anavyoniita, kwa sababu nikisemeshwa na watu naingiza kichwa ndani — "Kobe, usiwaache wanichome tena hapo. Niahidi." Nikaahidi.

Majibu: kifua kikuu, lakini cha utando wa ubongo. Mama akauliza kimefikaje kichwani wakati mtoto hata kukohoa hakohoi. Daktari kijana alieleza vizuri sana. Mama akaitikia, akamshukuru, tulipotoka nje akaniuliza, "Amesemaje?"

Dawa alianza Jumapili iliyopita. Vidonge vikubwa kila asubuhi, na sindano ya deksa ya kupunguza uvimbe kwenye ubongo. Daktari akasema homa isiposhuka, itabidi warudie maji ya mgongo. Katika yote aliyosema, hilo ndilo nililobaki nalo.

Wodi ina vitanda ishirini na vinne, na manesi wawili. Kwa hiyo ndugu tunaoshinda na wagonjwa tumefundishwa kupima joto. Nesi wetu namwita Nesi Miwani — miwani anaiweka utosini kisha anazunguka kuitafuta. Alinionyesha: kausha kwapa, weka themomita, bana mkono, dakika tano, soma, andika. Yeye akipita ananakili kwenye faili.

Juzi Alhamisi Dada alikuwa anaungua. Nikamfuta kwa kitambaa cha maji baridi: shingo, kifua, makwapa. Nikapima palepale. 37.8! Nikaandika huku moyo unaruka. Baada ya nusu saa nikapima tena — 39.6. Ya kwanza nilikuwa nimeshaiandika. Sikuifuta.

Juzi ilikuwa bahati mbaya. Jana haikuwa. Jana nilipima kwanza kwapa kavu, nikaona 39.5, nikachovya kitambaa. Leo vilevile.

Ya kweli nitakuwa naiandika humu. Siwezi kujidanganya na mimi.


Jumapili, 8 Machi

Kweli: 39.4. Chati: 37.7.

Mama amekuja akitoka kazini, mikono inanuka sabuni. Anafua mashuka ya hoteli, na Jumapili ndiyo siku ya mashuka mengi. Alianza kutazama chati kabla ya kumtazama Dada. "Thelathini na saba!" Akamshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akanishukuru mimi. Mimi! Nikajifanya naokota kitu chini ya kitanda.

Kisha akamgusa Dada shavuni. "Mbona wa moto?"

"Jua la dirishani, Mama."

Shuleni sikuwahi kunyoosha mkono hata nilipojua jibu. Lakini uongo umenitoka laini, bila kukwama.

Kitanda cha jirani yuko bibi mmoja mwenye kisukari, mguu umefungwa bandeji mpaka goti. Macho yake ni dhaifu lakini hakuna linalompita. Mama alipoondoka akaniita. "Binti. Wewe hapo unampima dada yako au unamwosha maiti? Kila ukishika hicho kipimo nasikia maji, chwa, chwa."

Nikasema nampooza tu, Bibi.

"Haya, mpooze." Akageukia ukutani. "Mimi ni macho ndiyo mabovu."


Jumatatu, 9 Machi

Kweli: 39.1. Chati: 37.5.

Raundi ya madaktari. Daktari kijana alifungua faili akatabasamu mpaka nikaona pengo lake. Siku tisa tu za dawa na homa imeshuka namna hii! Akasema mgonjwa anaitikia vizuri mno. Akaniuliza kama kuna jambo lingine lolote.

Lilikuwepo. Nikasema hakuna.

Lakini mgongo hakuutaja! Nimefurahi siku nzima.


Jumanne, 10 Machi

Kweli: 39.2. Imepanda! Chati: 37.6.

Dada alitetemeka mchana mpaka kitanda kikawa kinalia. Nikamkimbilia Nesi Miwani. Akaja, akasoma chati. Dawa ya kushusha homa ni ya mgonjwa aliyefika thelathini na nane, akasema. "Huyu yuko thelathini na saba, mwanangu. Ni baridi tu. Mfunike."

Nikamfunika. Mtu anaungua, nami namfunika blanketi. Dawa iko kwenye kabati la manesi, hatua kumi kutoka hapa, na hapewi kwa sababu ya namba yangu.

Siwezi kuandika zaidi.


Jumatano, 11 Machi

Kweli: 38.9. Chati: 37.4.

Chini ya thelathini na tisa! Bila kitambaa! Nimerudia mara mbili, kwapa kavu kabisa.

Na kuna kubwa zaidi. Asubuhi nilikuwa nanyoosha shuka, nikahisi natazamwa. Dada alikuwa macho. Macho hasa, si yale ya wiki iliyopita yaliyokuwa yananipita kama dirisha. Akanikagua weee, kisha kwa sauti kavu akasema, "Kobe. Nani kakusuka hivyo?"

"Nimejisuka mwenyewe."

"Inaonekana. Kama mtu aliyesuka huku anakimbizwa na nyuki."

Nilicheka, kicheko kikageuka kilio, nikashindwa kukizuia. Bibi wa jirani akadakia, "Kumbe anasema! Nilidhani wamelazwa mabubu wawili."

Amekunywa uji vijiko sita. Akauliza leo siku gani. Nikamwambia Jumatano. Akasema basi ana mteja, akajaribu kuinuka, akarudi mtoni — kwenye mto wa kichwa, namaanisha. Hata kalamu yangu leo imelewa.

Jioni nikazipanga namba za kweli tangu Alhamisi iliyopita. 39.6, 39.5, 39.4, 39.4, 39.1, 39.2, 38.9. Zinashuka! Polepole, zinasitasita, lakini zinashuka. Dawa zinafanya kazi.

Sasa mimi nadanganya ya nini?


Alhamisi, 12 Machi

Kweli: 38.8. Chati: 37.4.

Leo amekuja daktari mkubwa na wanafunzi wake. Ni mama mfupi, sauti ya chini, viatu vya raba. Alisimama miguuni kwa Dada akawauliza homa ya ugonjwa huu hushuka lini baada ya kuanza dawa. Mmoja akasema siku tatu. Mwingine akasema wiki. Akawatania kwamba wanatibu kama watu wanaowahi chakula cha mchana.

Nimejitahidi kukumbuka kila alichosema. Kwamba ugonjwa huu hauna haraka. Homa inaweza kukaa wiki mbili, tatu, wengine hata zaidi, na dawa zikawa zinafanya kazi barabara. Ukiona inashuka kidogokidogo na mgonjwa anazidi kuamka, vuta subira. Kinachopaswa kuwatoa jasho ni homa iliyokwisha kushuka kisha ikarudi. Hapo ndipo mnajiuliza: maji yamejaa kichwani? Kuna maambukizi mengine? Au vijidudu ni sugu na dawa hizi haziviwezi? Hapo ndipo mnarudi mgongoni.

Kisha akatazama chati yetu. Akasema huyu ameshuka upesi kuliko kawaida. Akatazama beseni langu pale chini. Au labda nawaza tu. Wakaenda kitanda kingine.

Wiki mbili, tatu. Hata zaidi! Kumbe ningeandika ukweli tangu siku ya kwanza wala wasingemgusa.


Ijumaa, 13 Machi

Kweli: 38.6. Chati: 37.2.

Daktari kijana ametangaza: Jumatatu nyumbani. Deksa itapunguzwa mapema, ageuziwe vidonge, arudi kliniki baada ya wiki mbili.

Mama alipiga vigelegele humohumo wodini mpaka Nesi Miwani akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Dada akasema akifika tu anataka kioo. "Na mtu asinisimulie sura yangu, nataka kujionea hasara mwenyewe." Watu wa vitanda vitatu walicheka. Mimi nilikwenda chooni nikajifungia.

Nyumbani hakuna nesi. Hakuna deksa ya sindano. Kuna Mama aliyechoka, mimi, na ngazi za ghorofa ya tatu. Ikimzidia huko? Mtu mwenye 38.6 anarudishwa nyumbani kwa sababu karatasi inasema 37.2!

Kesho naandika ya kweli. Nimeamua. Wala sihitaji kusema neno. Nitaandika tu, wataona wenyewe.


Jumamosi, 14 Machi

Kweli: 38.5. Chati: 38.5.

Nilidhani nitajisikia mwepesi.

Nesi Miwani alifika kitandani, akasoma, akashusha miwani kutoka utosini mpaka puani. Akapima yeye. 38.5. Akatikisa themomita, akapima tena. Ileile.

"Homa imerudi," akasema.

Haijarudi! Haikuwahi kuondoka! Nilifungua mdomo. Yeye alikuwa tayari anatembea kwa haraka kumwita daktari wa zamu. Daktari wa zamu akapitisha kidole kwenye grafu: chini, chini, chini, halafu juu ghafla, wima kama ukuta. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Huo ndio mchoro aliousema yule mama mfupi. Homa iliyoshuka ikarudi. Mchoro wenyewe haupo mwilini mwa Dada. Nimeuchora mimi.

Ruhusa ya Jumatatu imefutwa. Wamemtoa damu vichupa vinne, wamempeleka picha ya kifua. Angalau dawa ya kushusha homa sasa anapewa. Leo jioni alilala bila kulalamika, mara ya kwanza.


Jumapili, 15 Machi

Kweli: 38.3. Chati: 38.3. (Kabla ya dawa ya homa. Nimehakikisha.)

Kesho saa nne asubuhi wanamtoboa mgongo tena.

Si hilo tu. Daktari wa zamu amezungumza kwa simu na daktari kijana, wamesimama karibu na kabati, nimesikia. Wanahofu vijidudu ni sugu. Wakishapata maji ya mgongo hawatangoja majibu ya wiki nyingi, wataanza dawa nyingine. Kali zaidi, miezi mingi zaidi. Mojawapo inaweza kuharibu masikio, amesema, itabidi familia ielezwe.

Hizi zinazomwamsha Dada watazitoa. Kwa mwandiko wangu.

Mama ameketi kwenye benchi la korido na mfuko wa nguo alizokuja nazo bila kujua ruhusa imefutwa, gauni la Dada limepigwa pasi kwa ajili ya kesho. "Tulikosea wapi?" Alikuwa ananiuliza mimi kwa sababu niko hapa kutwa. Nikasema sijui, Mama.

Nikamuuliza Dada kama anaikumbuka siku ile ya sindano. Akafikiri. Wiki ile yote haipo kichwani, akasema, kama mtu kachana kurasa. "Kwani nililia?"

"Kidogo."

"Basi wachome, wapate wanachotafuta, nirudi saluni. Mgongo siutumii sana, mimi nakula kwa vidole hivi." Akanionyesha vidole. Vinatetemeka bado.

Kwa hiyo ile ahadi nimekuwa nayo peke yangu.

Nikamfuata daktari wa zamu mpaka mlangoni. Nikasema, "Dokta." Akageuka, akanisubiri kabisa, hakuwa na haraka. Nikasema, "Asante."

Asante!

Niliporudi Bibi wa jirani alikuwa ameketi, mguu juu ya mto. "Umemwambia?"

"Nimwambie nini, Bibi?"

"Usinifanye mjinga, mjukuu wangu. Maji ya beseni yamenyamaza tangu jana, na tangu jana homa imerudi. Hesabu hiyo naiweza bila kalamu."

Nikasema sauti hainitoki. Nimejaribu. Inagoma.

Hakunihurumia. "Sauti huna, haya. Na mikono pia wamekukata?"


Jumatatu, 16 Machi

Kweli: 38.1, saa moja asubuhi. Nesi Miwani amepima pamoja nami.

Saa tatu na nusu. Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha tiba. Dada yuko ndani, amelazwa ubavu, anamtania mhudumu kwamba shuka lao ni fupi kama lake la utotoni. Trei imefunikwa kitambaa cha kijani. Mama hajafika, leo hoteli imemkatalia ruhusa.

Nimemwonyesha Nesi Miwani ukurasa wa Jumamosi ya kwanza. Amesoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye kitambaa cha maji akakaa chini, hapa pembeni yangu. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Akasema yeye ndiye aliyetakiwa kumgusa mgonjwa kabla ya kuamini karatasi. Kisha akasema, "Mpe dokta kwa mkono wako." Akaingia. Nasikia anamwambia daktari kijana asubiri dakika tano. Nasikia na daktari anauliza kwa nini. Yeye anasema kuna chati nyingine.

Nilitaka kuchana kurasa nimpe zile zenye namba tu. Lakini daftari lililochanwa nani ataliamini? Basi atalisoma lote. Na mambo ya pengo lake pia.

Dokta,

Namba za kweli ziko mwanzo wa kila siku. Za tarehe tano na sita nimeziandika katika habari ya kwanza, na Jumatano nimezipanga kwenye mstari. Kwapa lilikuwa kavu kila mara. Zimeshuka kidogokidogo tangu siku ya kwanza, hazikushuka zikarudi. Zile 37 zote nilizitengeneza kwa kitambaa. Jumanne alitetemeka kwa sababu hakupewa dawa ya homa, kosa ni langu. Ameanza kututambua tarehe kumi na moja na tangu hapo hajapotea tena.

Kama bado unaona ni lazima umchome, mimi sijui kazi yako. Mchome. Ila isiwe kwa ajili ya chati yangu. Na dawa anazokunywa, tafadhali, kwanza zitazame pamoja na namba hizi.

Nesi alinifundisha vizuri. Alisema kausha.

Mama nitamwambia mwenyewe jioni, akitoka kazini. Bibi wa kitanda cha jirani anajua tayari, huyo hatuwezi kumzuia. Lakini Dada asijue, Dokta. Si leo. Akijua leo atataka kuinuka anichape, na akisimama bado anayumba, ataanguka. Mwache kwanza apate nguvu za kunichapa. Siku hiyo nitamwambia na fimbo nitamletea.

Nasikia bomba la maji limefungwa. Unakausha mikono. Ukitoka nitakupa hili bila kusema kitu, naomba usidhani ni kiburi. Na ukishasoma, ukirudi ndani, ukimkuta amekugeukia anauliza mbona mmechelewa — mwambie chochote. Usimwambie hili.